Tupeane uzoefu: vifaa vya mbio za magari ulivikaguaje kabla ya kutoa pesa?

BwanaTudor: Nimepita soko la Kongowea leo, jamaa katundika ovaroli la rally katikati ya majaketi ya mtumba, ati orijino kabisa. Mliowahi kununua, mlijuaje?

MamaNoti: Usinikumbushe. Nilikuwa navigeta, yaani msoma njia, wa shemeji yangu, tukijaribu gari barabara ya vumbi huko juu ya Mariakani. Paipu ya mafuta ikachomoka, moto ukaingia ndani. Mie nimevaa ovaroli la kuazima, la Nomex, kitambaa kisichoyeyuka kwa moto, kuukuu, limepauka. Yeye lake jipya, lang'aa, nyuma ya kola pameandikwa FIA 8856-2000, kiwango cha ovaroli za kukinga moto cha FIA, shirikisho la magari duniani. Tulitoka wote, alhamdulillahi. Langu lilipiga weusi tu. Lake liliyeyuka mkononi likagandana na ngozi, daktari akawa anabandua kwa kibano, na shemeji yangu si mtu wa kulia. Baadaye tukalitazama: yale maandishi yako kwenye kiraka kilichoshonewa juu. Kiwango kile chataka yatariziwe kwenye kola yenyewe. Aliyemuuzia hashiki simu hadi leo.

YakheLikoni: Subhanallah. Mpe pole.

FundiSpana: Ndiyo maana mie huchomoa uzi nikautia kibiriti. Ukiyeyuka, poliesta hiyo, rudisha.

Kisauni_Mwamba: Na pamba? Haiyeyuki, yawaka. Utapasisha ovaroli la gereji. Na muuzaji gani atakuacha uchome mali yake?

FundiSpana: Wangu huniacha. Wewe umewahi kununua hata glavu?

Kisauni_Mwamba: Nilinunua adabu, nikuazime?

Dada_Nyali: Nyie! Orodha za FIA ziko mtandaoni bure, linganisha modeli na namba ya idhini. Mikanda soma tarehe ya mwisho kwenye lebo. Kiti cha mbio cha kiwango cha FIA 8855-1999 mwisho wake miaka 5 tangu kitengenezwe, hata kama hakijakaliwa.

BodaMagongo: Helmeti yangu ya pikipiki ina stika ya Snell, wale wapimaji wa helmeti. Si yatosha?

Dada_Nyali: Ikianza na M ni ya pikipiki, haikupimwa moto. Ya gari ni SA. Inua sponji, stika iko ndani.

BodaMagongo: Na kama stika imehamishwa?

YakheLikoni: Basi cheza bao.

BwanaTudor: MamaNoti, kwani hamkuwa na mtungi wa kuzimia moto?

MamaNoti: Ulikuwepo. Chini ya kiti, umekazwa kwa waya, na koleo liko kwenye buti.