Eti "wakiisha tutawatengeneza wengine"? Nimechoka na huu upuuzi wa kufufua wanyama

Wakuu, habari za jioni. Samahani kwa uzi mrefu, ila nisipolitoa hili leo sitalala.

Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha, mwaka wa 14 sasa. Wiki iliyopita nimeshuka Kreta ya Ngorongoro na wageni wanne. Ukungu uliachia mapema, tukazunguka upande wa msitu wa Lerai, saa tatu na kitu nikamwona faru. Kwa wasiojua, faru wa Ngorongoro humwoni kirahisi kama nyumbu. Unaona kidude cheusi mbali huko, unasema hilo ni jiwe, unashika darubini, unasubiri jiwe litikise sikio. Lilipotikisa nikazima injini, nikageuka niwaelezee wageni.

Kijana mmoja kiti cha nyuma hata darubini hakuigusa. Akaninyooshea simu, picha ya watoto wawili weupe wa mbwa mwitu (wa kwao huko, siyo hawa wetu wenye mabaka), akaniambia kwa upole kabisa nisiumie sana na habari za faru, kwa sababu hata wakiisha, wanasayansi watawatengeneza wengine. Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Nikanyamaza, kazi ni kazi. Nafika nyumbani namsimulia mwanangu wa kidato cha tatu, naye ananijibu: "Sasa baba, kwani uongo?"

Hapo ndipo nilipowaka.

Ndiyo, ni uongo. Tuanze na hao weupe. Aprili 2025 kampuni ya Colossal ya Dallas, Marekani, ilitangaza kwamba imemrudisha dire wolf, mbwa mwitu mkubwa wa kale aliyetoweka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Dunia ikapiga makofi. Ukiuliza walichofanya, wamechukua seli za mbwa mwitu wa kijivu wa leo, wakahariri sehemu 20 kwenye jeni 14, mimba wakabebeshwa mbwa wa kufugwa. Sehemu 20, kwa mnyama mwenye herufi za vinasaba zaidi ya bilioni mbili! Mimi nikiipaka Noah yangu rangi ya kijani, nikaifunga matairi makubwa na kuiita Land Cruiser, trafiki wa Makuyuni atanicheka mpaka adondoshe kofia.

Kloni (yaani nakala hai iliyotengenezwa kwa seli za mnyama mwenyewe) ya kweli ya mnyama aliyekwisha kutoweka ninayoijua mimi ni ya bucardo, mbuzi pori wa milima ya Pyrenees kule Hispania. Wa mwisho alikuwa jike aliyeitwa Celia, akaangukiwa na mti Januari 2000. Seli zake zilikuwa zimegandishwa, na mwaka 2003 kitoto kikazaliwa. Kikaishi dakika chache tu, mapafu mabovu. Na hata kingepona, kingekuwa jike peke yake duniani. Dume lingetoka wapi?

Ila kinachonitia hasira zaidi ni matumizi ya hizi habari. Wale watoto weupe walipotangazwa tu, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Marekani, Doug Burgum, ambaye wizara yake ndiyo inasimamia orodha ya wanyama walio hatarini, akaandika kusifia teknolojia hii na kusema ukuu wa nchi yake umeletwa na ubunifu, siyo na kanuni. Mmeona mlango unapofunguliwa? Kesho mtu anataka kuchimba au kukata msitu, anaambiwa kuna wanyama humo, naye anajibu kama yule kijana wangu wa kiti cha nyuma.

Wenye umri wangu mtamkumbuka Fausta. Alionekana Kreta kwa mara ya kwanza mwaka 1965 akiwa mdogo, enzi ambazo faru walikuwa zaidi ya 100 humo ndani. Kufikia miaka ya 1990 hawakufika hata 20, pembe zimeenda kuwa mipini ya majambia na dawa za watu wa mbali. Fausta akawa anatembea peke yake, polepole, fisi wanamfuata nyuma. Mwishoni ikabidi awekwe kwenye uzio maana walikuwa wanamjeruhi. Akafa Desemba 2019, inakadiriwa alikuwa na miaka 57. Mtengenezeeni basi Fausta mwingine maabara, tuone kama atajua maji yako wapi wakati wa kiangazi.

Na kabla hamjaniita adui wa sayansi, chura wa Kihansi je? Najua mtacheka. Hata mimi wakati ule nilicheka, eti vyura wanapanda ndege kwenda Marekani wakati bibi yangu hajawahi kuiona hata Dar. Haya, wale vyura waliishi sehemu moja tu duniani, kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi, eneo la hekta chache. Wanazaa watoto kamili, siyo viluwiluwi. Wakajulikana kwa wataalamu mwaka 1996, na mwaka 2000 maji yakageuzwa kwenda kwenye mitambo ya umeme. Manyunyu yakakata. Ikabidi yawekwe mabomba ya kunyunyiza ili kuiga maporomoko, na hata hivyo ugonjwa wa fangasi ukaingia. Mwaka 2003 walihesabiwa maelfu. Mwanzoni mwa 2004 wakaonekana watatu.

Waliokolewa na nini? Vyura kama 500 waliochukuliwa mapema, WAKIWA HAI, wakazalishwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena korongoni. Miaka kumi na ushei ya kazi, kwa chura anayekaa juu ya ukucha wa kidole gumba, ambaye hakuwa amekwisha! Na bila yale mabomba wangerudi kufa upya.

Kenya jirani zetu wana mtihani huohuo kwa faru weupe wa kaskazini. Sudan, dume la mwisho, alikufa Machi 2018 pale Ol Pejeta. Wamebaki Najin na bintiye Fatu tu, na hakuna kati yao anayeweza kubeba mimba. Wataalamu wanachukua mayai ya Fatu, wanayarutubisha kwa mbegu zilizogandishwa za madume waliokufa, wapandikize kwa faru weupe wa kusini. Hiyo naiunga mkono, na nasema wazi. Lakini sikilizeni wao wenyewe wanavyohangaika: wanataka ndama azaliwe wakati hawa wawili bado wapo, ili awe na wa kumfundisha kuishi kama faru wa jamii yake. Wenye hizo maabara wanajua kwamba mama anahitajika. Wa kwenye simu hawajui. Halafu akishakua mtampeleka wapi? Hifadhi ya Garamba kule Kongo, walikomalizwa na bunduki?

Kwa hiyo anayetaka kunibishia aje na jibu la hilo moja, atakaa wapi na atalindwa na nani. Mabilioni ya dola ambayo hiyo Colossal inathaminiwa kwa ahadi ya kumrudisha mamoth, yule tembo wa kale mwenye manyoya, askari wetu wa doria wangepata hata chembe ya hiyo wangebadilisha buti.

Yule kijana, kwa taarifa yenu, siku ya kuondoka alinipa tipu nono kuliko wenzake wote. Nimeichukua. Ndiyo inaniuma zaidi.