Maoni yetu ya bajeti ya kaunti huishia wapi?

mtaro_kondele: Wakuu, niko Kisumu. Kila Mei tunaitwa ukumbini, tunaandikisha majina, tunaomba mtaro na mulika mwizi (taa ndefu za usalama). Bajeti ikipita, hamna kitu. Tunakosea wapi?

karani_mstaafu: Mnachelewa. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na viwango vya kila idara vimeshawekwa kwenye waraka wa mkakati wa fedha wa Februari. Mei mnapunguza au kuongeza tu. Mradi mpya huingilia kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao mwisho wa kuuwasilisha bunge la kaunti ni 1 Septemba. Julai na Agosti ndiyo miezi yenu.

fundi_ramani: Tena msiseme tu "tunataka mtaro". Andikeni unaanzia wapi na kuishia wapi, mita ngapi, maji yatamwagika wapi, na kama ardhi ni ya umma. Hili la ardhi ndilo huua miradi: ukipita kwenye ploti ya mtu, mkandarasi anafungasha. Pelekeni nakala mbili kwa msimamizi wa wadi, moja igongwe muhuri wenye tarehe mbaki nayo. Daftari la mahudhurio huonyesha mlikuja, si mlichosema.

mtaro_kondele: Na wakinyamaza?

karani_mstaafu: Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa kaunti siku 21 kujibu ombi lenu la habari. Ombeni ripoti ya maoni ya wadi yenu, mtaje na mwaka wa fedha. Ombi la jumla hurushwa ofisi hadi ofisi. Siku hizo 21 zikipita, nendeni kwa Ombudsman (tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma) na ile nakala yenye muhuri.