Ofa ya pauni 42,000 Uingereza: hesabu ya viza inakubali?

Koda_Kondele
Wadau, nipigieni hesabu hii kabla sijatia sahihi. Niko Kisumu, nina digrii ya kompyuta, umri 25, natimiza 26 mwezi Mei. Kampuni ndogo ya Leeds inataka niwaundie programu, pauni 42,000 kwa mwaka, mkataba wa miaka mitatu, viza ya Skilled Worker (ya wafanyakazi wenye ujuzi). Wakala hapa mjini anasema kiwango cha mshahara ni 41,700 kwa hiyo nimepita, ila nitoe shilingi laki mbili na nusu za "ada ya ujuzi". Ni kweli?

Lanet_Mezani
Wakala kakupa nusu ya sheria. Tangu 22 Julai 2025 kiwango cha jumla ni 41,700, sawa, lakini kila kazi ina kima chake cha chini cha mshahara, na kinachotumika ni kile kikubwa zaidi. Waunda programu wako kwenye namba 2134 ya orodha ya kazi ya Uingereza, na kima chao ni 54,700 kwa wiki ya saa 37.5. Kwa njia ya kawaida, 42,000 haifiki.

Kinachokuokoa ni umri. Aliye chini ya miaka 26 siku anayotuma ombi huhesabiwa mgeni kazini: asilimia 70 ya kima, yaani 38,290, mradi pia asishuke chini ya 33,400. Ombi liingie kabla ya siku yako ya kuzaliwa. Punguzo hilo lina kikomo cha miaka minne, baadaye ni kima kizima. Mkataba unasema saa ngapi kwa wiki?

Koda_Kondele
Saa 42. Kuna na bonasi ya pauni 3,000.

Lanet_Mezani
Hapo ndipo pana shimo. Kima hupanda na saa. Asilimia 70 ni pauni 19.64 kwa saa. Zidisha kwa 42, kisha kwa wiki 52, unapata karibu 42,890. Wewe unalipwa 19.23. Bonasi, ovataimu na marupurupu ya nyumba havihesabiwi, ni mshahara wa msingi peke yake. Waambie washushe saa hadi 40 (kima kinakuwa kama 40,850) au waongeze pauni 900. Warekebishe kabla ya kukutolea cheti cha udhamini, hati ya mwajiri unayoombea viza. Ukikataliwa, ada ya afya (ya kutumia hospitali za serikali kule) utarudishiwa lakini ya viza imekwenda.

DadaWaMilimani
Kuhusu laki mbili na nusu: hiyo ada ya ujuzi, tangu 16 Desemba 2025 mwajiri mdogo hulipa pauni 480 kwa kila mwaka wa udhamini, mkubwa 1,320. Miaka mitatu ni 1,440, na ukigeuza kuwa shilingi ndiyo hiyo hiyo laki mbili na nusu. Ni deni la mwajiri, kisheria haruhusiwi kukutwika. Hata pauni 525 za cheti ni zake. Kaka, usitoe hata bob.

Zako wewe, kwa ada za mwanzoni mwa 2026, ni viza 769 na ada ya afya 1,035 kwa mwaka, jumla 3,874, zote kwa mpigo siku ya kutuma ombi. Angalia tarehe kwenye cheti: kikizidi miaka mitatu hata kwa mwezi, viza inaruka hadi 1,519 kwa ada hizo hizo, na ada ya afya inaongezeka nusu mwaka, 517.50.

Mwalimu_Kakamega
Kiwango cha Kiingereza kimepandishwa kutoka daraja la B1 hadi B2 tangu 8 Januari 2026. Digrii ya Kenya inatosha, ila lazima Ecctis, shirika la Uingereza la kulinganisha vyeti, wathibitishe kwamba ilifundishwa kwa Kiingereza na ina uzito wa digrii ya kwanza ya kwao. Anza na hilo leo, Mei si mbali.

Pauni 1,270 za kujikimu zikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja, isipokuwa mwajiri aweke alama kwenye cheti kwamba atakugharimia mwezi wa kwanza. Muulize, wengi husahau. Kipimo cha kifua kikuu ni IOM (shirika la uhamiaji) Nairobi, kinadumu miezi sita. Cheti cha tabia njema cha DCI (polisi wa upelelezi) hakitakiwi kwa kazi hii, wanaodaiwa ni watu wa afya, elimu na ustawi wa jamii.

Koda_Kondele
Asanteni sana. Nawaandikia Leeds usiku huu kuhusu saa.

DadaWaMilimani
Na mkishakubaliana, omba nakala ya cheti usome mwenyewe: namba 2134, saa 40, mshahara, tarehe. Ukikipata una miezi mitatu ya kukitumia.