Diski ya nje na folda ya mtandaoni: je, vinatosha kuilinda data ya ofisi ndogo?

MtunzaVitabu

Habari za kazi, wanajukwaa. Ninaomba ushauri wa wenye uzoefu. Ninasimamia ofisi ya watu sita inayoshughulikia hesabu za wateja, na karibu kila tunachokitegemea kimo ndani ya kompyuta moja tunayoiita seva: hifadhidata ya programu ya uhasibu, ankara, mikataba na barua. Kwa miaka minne nimeamini kwamba tumejikinga, kwa kuwa seva hiyo ina diski ya nje inayonakili kila kitu usiku, na folda ya nyaraka husawazishwa na hifadhi ya mtandaoni papo hapo.

Majuma mawili yaliyopita mwenzetu mmoja alifuta folda ya mteja akidhani ni ya mwaka uliokwisha. Tuligundua siku ya tatu. Mtandaoni folda ilikuwa haipo tena, na diski ya nje, ambayo kila usiku huandika nakala mpya juu ya ile ya jana, ilikuwa imeshanakili upungufu huohuo mara mbili. Tulitumia siku nne kukusanya nyaraka kutoka kwenye barua pepe za zamani, na baadhi hazijapatikana hadi leo. Linalonisumbua zaidi ni kwamba hakuna kifaa kilichoharibika. Kila kitu kilifanya kazi kama nilivyokipanga mwenyewe. Je, nianzie wapi kurekebisha, na je, mpango wa kurejea kazini baada ya maafa unaihusu ofisi kama yetu, au ni mambo ya makampuni makubwa?

FundiSeva

Pole sana, ndugu. Usawazishaji haukuwekwa ili uwe nakala rudufu. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba sehemu mbili zinafanana wakati wote, kwa hiyo kosa la upande mmoja hufika upande wa pili upesi kama kazi njema inavyofika. Kabla ya kununua chochote, ingia katika mipangilio ya hifadhi yako ya mtandaoni uangalie pipa la vilivyofutwa pamoja na historia ya matoleo ya faili. Huduma nyingi hutunza vitu hivyo kwa muda fulani, mara nyingi siku 30, na huenda nyaraka zenu bado zimo humo. Fanya hivyo leo hii, kwa sababu muda huo ukipita hazitarudi.

Kuhusu diski, acha kuandika juu ya nakala ya jana. Weka programu inayotunza matoleo, tuseme ya kila siku kwa siku 14, ya kila wiki kwa miezi 3, na ya kila mwezi kwa muda wote ambao sheria inawataka mtunze hesabu za wateja. Programu hizo huongeza yale yaliyobadilika tu, kwa hiyo diski haijai haraka kama wengi wanavyohofia. Tena, hifadhidata ya uhasibu isinakiliwe kama faili la kawaida wakati watu wanaitumia, maana nakala inaweza kuwa nusu ya zamani na nusu mpya, ikakataa kufunguka siku mnayoihitaji. Tumia sehemu ya kuhifadhi nakala iliyomo ndani ya programu yenyewe, kisha unakili kile inachokitoa.

Mafundi wengi hufuata kanuni ya 3-2-1: data iwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati yake ikae mbali na ofisi. Wewe unazo nakala, lakini diski yako imechomekwa saa zote, kwa hiyo programu hasidi inayofunga faili na kudai fidia itaifunga pamoja na seva. Tafuta diski ya pili, mzipokezane kila mwisho wa juma: moja ifanye kazi, nyingine ichomolewe, isimbwe ili ikiibwa isisomeke, na itunzwe katika jengo jingine. Nasisitiza jengo jingine. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza kituo cha data cha OVHcloud, kampuni inayokodisha seva, mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja waliokuwa wamelipia huduma ya nakala rudufu walipoteza kila kitu kwa sababu nakala zao zilitunzwa palepale penye seva.

KaraniMkongwe

Ninaafikiana na FundiSeva, ila kwangu mimi nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tumaini tu. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayowatunzia watengeneza programu kazi zao mtandaoni, alifuta kimakosa data ya seva kuu ya hifadhidata, akidhani yumo kwenye ile ya akiba. Walipoziendea nakala zao za kila siku, walikuta hazipo, kwa kuwa programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilopatana na hifadhidata na ilikuwa ikishindwa kimyakimya; hata barua pepe za kuwaonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu mmoja aliitengeneza kwa mkono muda wa saa sita hivi kabla ya tukio, kwa sababu nyingine kabisa. Ikiwa kampuni ya wahandisi ilifikwa na hayo, sisi tunaoangalia taa ya kijani kwenye diski na kuridhika tuna hatari kubwa zaidi.

Kwa hiyo chagua siku moja kila baada ya miezi mitatu. Chukua kompyuta nyingine kabisa, usiiguse seva, andika saa uliyoanza, na ujaribu kuifufua ofisi kutokana na diski pekee. Mimi nilipofanya jaribio hilo kwa mara ya kwanza, faili zote zilirudi salama katika muda wa saa moja, nikafurahi. Kisha programu ya uhasibu ikaniomba namba ya leseni, na namba hiyo ilikuwa kwenye barua pepe iliyohifadhiwa ndani ya seva ileile niliyokuwa najifanya imeungua. Jambo dogo namna hiyo hulioni kwa kukaa na kufikiri.

MtunzaVitabu

Ndugu FundiSeva, Mungu akubariki. Nimefungua pipa la hifadhi ya mtandaoni na kukuta faili 61 kati ya zile zilizopotea, ambazo zingefutwa kabisa katika muda wa siku chache. Diski ya pili nimeshaiagiza. Nimebakiwa na swali la mpango wenyewe: unaandikwaje bila kuwa kitabu ambacho hakuna atakayekisoma?

MpangaDharura

Uwe ukurasa mmoja au miwili, na uujenge juu ya maswali mawili ambayo wewe mwenye ofisi ndiye wa kuyajibu, si fundi. La kwanza: mko tayari kurudia kazi ya muda gani? Mkisema siku moja, nakala ya kila usiku inatosha; mkisema saa moja, haitoshi. La pili: mnaweza kukaa muda gani bila mfumo kabla wateja hawajaumia? Jibu hubadilika kwa kipindi, kwani ofisi ya hesabu inaweza kuvumilia siku tatu katika kipindi cha utulivu, lakini isivumilie hata nusu siku katika juma la kuwasilisha marejesho ya kodi. Andika muda wa kipindi kigumu.

Halafu taja nani anaamua kwamba ni dharura, nani anawapigia wateja, diski ya nje iko kwa nani, leseni na nywila ziko wapi, na ni kitu gani kinarudishwa kwanza. Uchapishe kwenye karatasi, na nakala moja ikae nje ya ofisi. Akaunti ya nakala za mtandaoni iwe na nywila yake yenyewe na uthibitishaji wa hatua mbili, tofauti na ile inayotumika kwenye seva, maana mvamizi mwenye akili huanza kwa kufuta nakala.

Usidhani makampuni makubwa yamelimaliza jambo hili. Virusi vya NotPetya vilipoipiga kampuni ya meli ya Maersk mwezi Juni 2017, seva zote zilizotunza orodha ya watumiaji wa mtandao wao zilifutwa isipokuwa moja tu iliyokuwa Ghana, na hiyo ilipona kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika na haikuwa mtandaoni saa ile. Hiyo ndiyo faida ya diski iliyochomolewa, ila wewe utaipata kwa kupanga.

MtunzaVitabu

Ninaleta taarifa. Jumamosi tumefanya jaribio la kwanza kwa kompyuta ya kuazima. Tulianza saa 3:10 asubuhi, na ankara ya kwanza ikafunguka saa 7:45. Zaidi ya saa mbili zilipotea tukitafuta nywila ya kufungulia diski iliyosimbwa, ambayo mwenzetu mmoja pekee ndiye aliyeijua, naye alikuwa safarini. Sasa imo ndani ya bahasha iliyofungwa, pamoja na ule ukurasa wa mpango, na bahasha haiko ofisini.