Watoto na Wajukuu wa Bi Mwantumu

JUMANNE

Rehema 19:42
Assalam aleykum wanafamilia, shikamooni wakubwa wote. Nakumbusha hitima ya babu ni JUMAMOSI hii kwa bibi Makorora baada ya adhuhuri. Mpaka sasa waliotoa mchango ni mimi, Athumani na Tatu basi, wengine mnatoa tiki za bluu tu. Mchele kilo 40 upo, nyama Hamisi anaongea na mtu wake, maandazi Saida mia tatu kama kawaida, Zubeda anatoka Dar na basi la Ijumaa asubuhi. Nani ana swali

Zubeda 19:44
👍🏾

Athumani 19:51
Mia tatu si machache? Mwaka jana mi sikuonja hata moja

Hamisi 19:52
Ulifika saa kumi na moja ungeonja nini

Athumani 19:52
Basi lilipasuka tairi Korogwe, hilo nalo kosa langu

Hamisi 19:53
Kila mwaka tairi, kila mwaka Korogwe 😂😂

Rehema 19:55
Tusitoke kwenye mada. MCHANGO

Saida 20:31
Da Rehema nisamehe, maandazi mwaka huu sitaweza. Ijumaa ndo mwisho wa kupokea miswada ya ile tuzo ya Mwalimu Nyerere na mimi sura mbili za mwisho bado ziko kwenye daftari hazijachapwa, Baba Khairat yuko njia ya Tunduma na lori harudi mpaka Jumapili, watoto wote wawili ninao mimi na alfajiri lazima nikaange vitumbua vya wateja maana ndo hela yenyewe ya kumlipa mchapaji. Nilitaka nikupigie nikajua utanishinda kwa maneno

Rehema 20:33
Tuzo gani

Saida 20:33
Ya riwaya. Nilisema siku ya Idi

Rehema 20:34
Idi tulikuwa watu thelathini na sahani mkononi, nani alisikia

Hamisi 20:36
Mi nilisikia. Nilidhani ni mashairi ya kwenye harusi

Saida 20:37
Riwaya kaka. Kitabu kizima, kaunta buku nne za kwaya tatu

Athumani 20:40
Hongera sana mdogo wangu! Hao wanatoa kiasi gani siku hizi

Saida 20:44
Wa kwanza milioni 10. Halafu serikali inachapa kitabu chako na kukigawa mashuleni, na mimi hilo la pili ndo ninalolitaka zaidi. Mnakumbuka yule mchapishaji niliyempelekea mwaka juzi, alisema hadithi nzuri ila nichangie gharama za kuchapa. Nikarudi zangu kwenye vitumbua

Hamisi 20:45
MILIONI KUMI???

Hamisi 20:45
Saida mdogo wangu kipenzi, nani alikubeba mgongoni mto ulipojaa

Zubeda 20:46
Choo cha bibi kwanza. Kile kinatia aibu wageni

Athumani 20:46
Mimi pikipiki tu sina makuu

Hamisi 20:47
Mimi meneja wake, asilimia ishirini. Aprili 13 mtaniona na suti pale kwenye kutoa zawadi

Rehema 20:50
Hela haijapatikana mmeshaimaliza. Ya hitima iliyo elfu ishirini tu kwa kichwa mnaizunguka kama mwiba. Haya nisikilizeni. Saida asipike. Khairat na Nasri waende kwa Hamisi kuanzia Alhamisi jioni mpaka Jumamosi. Juma wewe uko karibu, kesho chukua hayo madaftari upeleke steshenari. Athumani ndo mwalimu, zile sura zikishachapwa atumiwe kwa WhatsApp aangalie makosa. Maandazi NITATAFUTA MTU. Tumeelewana?

Hamisi 21:02
Watoto kwangu sina neno ila Mama Fetty ana wageni wa kwao

Athumani 21:03
Mi nina mitihani ya kidato cha pili mia na themanini ya kusahihisha lakini sawa nitaangalia angalia

Athumani 21:05
Ila Saida usikate tamaa. Shaaban Robert mwenyewe kazaliwa hapo Vibambani, Machui hata si mbali, na alikuwa karani wa forodha, mchana kazi ya serikali, maandishi muda wake mwenyewe

Zubeda 21:06
Shaaban Robert hakuamka saa tisa kuloweka mchele wa vitumbua

Tatu Muscat 23:48
Ndo natoka kazini nimesoma yote kwa pamoja. Saida hongera mamii. Na ile ya Safal, zamani ikiitwa Mabati Cornell, uijue pia, nayo inatoa kwa riwaya na wanalipa kwa dola. Maandazi mnunue tu jamani hela nitaongeza

JUMATANO

Shangazi Mwanahawa 06:12
*Imesambazwa mara nyingi*
🌹Ewe Mola tufungulie milango ya kheri Jumatano hii ya leo, tuma kwa watu kumi na usivunje mnyororo🌹

Rehema 06:20
Amin shangazi, shikamoo. Shangazi maandazi ungeweza? Hata mia na hamsini

Rehema 09:15
Shangazi?

Juma 14:07
📷 Picha

Juma 14:08
Shikamooni. Niko hapa steshenari, dada mchapaji hasomi hapa katikati, mafuta ya vitumbua yameingia kwenye karatasi mpaka upande wa pili. Anti Saida hapokei simu. Nani anaweza kulijua hilo neno watu wako foleni

Hamisi 14:10
Kuza picha

Juma 14:11
Imeandikwa hivi "Mzee Kibwana akatia dole gumba kwenye karatasi ya kuuzia, ...... ukamganda kuchani, akaufutia kwenye upindo wa kanzu ya marehemu kaka yake, na michungwa yote mia mbili ikawa ya mtu mwingine kabla ya adhana ya laasiri"

Athumani 14:13
Uandishi huo!! Kanzu ya marehemu kaka yake 🔥

Zubeda 14:14
Udongo?

Hamisi 14:14
Ugali 😂

Hamisi 14:15
Utomvu ukamganda kuchani. Si michungwa

Athumani 14:15
Michungwa haina utomvu wa kuganda hivyo ustaadh

Baba Mdogo Salimu 14:22
Wino

Juma 14:22
Asante babu mdogo, ndo yenyewe inaingia

Baba Mdogo Salimu 14:26
Na mimi sikutia dole gumba. Nilisaini

Zubeda 14:26
😳

Athumani 14:29
Baba mdogo shikamoo. Hapo hakuna aliyetajwa, hiyo ni hadithi, Mzee Kibwana ni mtu wa kutungwa

Baba Mdogo Salimu 14:31
Michungwa mia mbili ya kutungwa. Kanzu ya kutungwa. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba la mkoloni leo naandikwa sijui kushika kalamu na kitabu kiende mashuleni nchi nzima watoto wafanyie mtihani eleza tabia ya Mzee Kibwana

Hamisi 14:32
😂😂😂

Hamisi 14:32
*Ujumbe huu umefutwa*

Tatu Muscat 14:40
Nimeuona Hamisi

Saida 14:58
Baba mdogo shikamoo, nilikuwa naogesha watoto simu iko chaji. Juma nilikwambia madaftari yasipigwe picha. Baba mdogo mimi nimeandika mambo ya shamba lolote

Baba Mdogo Salimu 15:01
Lusanga ni shamba lolote?

Saida 15:01
Sijaandika Lusanga popote

Baba Mdogo Salimu 15:09
Mmekaa miaka mnaninong'onea misibani. Sasa na mimi niulize hapa hapa wote mkiwepo. Zile hela zilikwenda wapi? Nilijenga? Nilioa? Muulizeni Rehema ada yake ya unesi miaka mitatu ililipwa na michungwa ya nani

*Baba Mdogo Salimu ameondoka*

Zubeda 15:30
Da Rehema?

Athumani 17:12
Jamani tupumue kwanza. Tutaongea tukionana Jumamosi

Juma 20:05
🎤 Ujumbe wa sauti (3:20)

Juma 20:06
Hiyo ni bibi. Alikuwa jirani akasikia kwa Mama Shamte, sijui nani kamwambia Mama Shamte

Tatu Muscat 20:09
Niko kwenye basi sisikii vizuri, iandike mwanangu

Juma 20:21
Bibi kasema hivi nimeandika kama alivyosema. Salimu. Ya Lusanga nayajua toka siku ile, na karatasi ninayo mimi kwenye sanduku langu. Nimenyamaza kwa sababu ya marehemu, wala si kwa sababu yako. Rehema asome, na mimi ndiye niliyesema asome. Sasa mtoto ameandika, nataka nisikie ameandika nini. Hiyo sura isipelekwe kokote mpaka Saida aje hapa anisomee na Salimu awe amekaa mbele yangu. Kesho baada ya alasiri. Na atakayeleta fujo kwenye hitima ya mume wangu asije. Basi

Juma 20:22
Ndo basi hapo. Kazima redio

Saida 22:57
Sawa bibi

ALHAMISI

*Rehema amemwongeza Baba Mdogo Salimu*

Rehema 05:50
Assalam aleykum. Mchango umefika laki moja na themanini. Hamisi nyama kilo ngapi. Turubai nimelipia nusu. Nataka na mtu wa kubeba masufuria kutoka madrasa

Hamisi 07:15
Nyama kilo 25. Masufuria nitakuja na guta

Hamisi 07:16
Da uko salama lakini

Rehema 07:20
Kilo 25 hazitoshi fanya 30

Saida 09:34
Naomba nieleze maana naona nyakati zinanibana. Hiyo ni sura ya tisa, daftari la tatu, na daftari liko kwa mchapaji ambaye leo anafungua saa nne. Nikilitoa pale kumsomea bibi nampotezea mchapaji jioni nzima na Ijumaa steshenari zinafunga mchana watu wanakwenda swala. Nikiiruka sura ya tisa hakuna kitabu, sababu yote yanayotokea baadaye yametokea pale

Athumani 09:41
Si Juma anaweza kupiga picha kurasa zote halafu asome kwenye simu

Saida 09:41
Juma asipige picha tena

Juma 09:42
🙏🏾

Baba Mdogo Salimu 10:20
Leo nina kazi Pangani

Tatu Muscat 10:22
Shikamoo baba mdogo. Kazi ya Pangani imeanza lini

Baba Mdogo Salimu 10:35
Kwani lazima michungwa. Si aandike mikorosho, aipeleke Mtwara huko, nani atajua

Saida 10:50
Baba mdogo nimekusikia, nitaangalia. Ila hadithi yenyewe msimu wa machungwa ndo unaopanga kila kitu, malori ya Muheza, bei, wanunuzi wanakuja maua yakiwa bado mtini. Mikorosho siijui nitaandika uongo

Baba Mdogo Salimu 10:58
Basi saini iwe saini. Na kanzu ile nilipewa

Athumani 11:00
Hapo kwenye saini kuna hoja Saida, halibadilishi kitu

Saida 11:04
Linabadilisha kaka. Mtu anayesaini kasoma alichokisaini

Zubeda 11:05
Eeeh

Hamisi 11:05
Mwenye masikio

Rehema 11:30
Saida saa tisa na nusu uwe Makorora na daftari, boda nalipa mimi. Mchapaji nitampigia nimwongezee elfu kumi achape usiku, Juma nitumie namba yake. Baba mdogo Pangani kwenda kesho haiharibiki

Rehema 11:31
Na hilo la ada tutalizungumza mimi na wewe baba mdogo si hapa

Athumani 12:45
Saida ile sura ya kumi uliyonitumia nimesoma kurasa tatu, hapo "kiganja" umeandika "kinganja" mara mbili. Nzuri lakini. Nimesahau hata kusahihisha

Juma 15:44
Anti Saida kafika. Bibi yuko na wageni wa vikoba. Babu mdogo bado

Juma 16:20
Babu mdogo kafika, yuko nje juu ya pikipiki hajashuka

Tatu Muscat 16:21
Mpelekee kiti

Juma 16:38
Nimempelekea kahawa kanywa hapo hapo juu ya pikipiki

Juma 17:15
Wageni wameondoka. Bibi kamwita babu mdogo kwa jina lake lote na la baba yake. Kashuka

Zubeda 17:16
Usizime data!!!

Juma 17:18
Nina asilimia nne na umeme hakuna

Rehema 18:40
VIPI HUKO

Rehema 19:10
Juma. Saida. Mtu yeyote

Hamisi 19:12
Nimepiga hazipatikani zote mbili

Rehema 19:14
Mchapaji ananiuliza daftari linarudi saa ngapi, anasema mwisho saa nne usiku anafunga. Athumani kutuma kwenyewe kunafanyikaje, kwa imeili au

Athumani 19:20
Saida ndo anajua, masharti anayo kwenye simu yake

Rehema 19:21
Ambayo haipatikani

Rehema 19:25
Hamisi watoto wanaendeleaje

Hamisi 19:26
Watoto gani

Rehema 19:26
HAMISI

Hamisi 19:27
Nilisema Mama Fetty ana wageni nikajua wamekwenda kwako

Zubeda 19:27
Mi nilijua wako kwa Hamisi 🙆🏾‍♀️

Rehema 19:28
Mimi niko zamu ya usiku hapa tangu saa kumi na mbili. Nasri ana miaka minne jamani

Mama Fetty 19:41
Wako kwangu wanakula. Nilikwenda kuwachukua mwenyewe toka saa tisa, huyu mume wangu yuko kibarazani anacheza bao hajaingia ndani

Tatu Muscat 19:42
😂😂😂😂 bao

Rehema 19:44
Asante wifi, Mungu akulipe. Haya. Hamisi acha bao panda pikipiki nenda Makorora uangalie kama bibi ameshasema chochote na kama daftari linaweza kutoka. Na kama amekataa nijulishe mimi kabla ya mtu mwingine. Na bado maandazi sina mtu

Hamisi 19:46
Mafuta ya pikipiki nani anatoa

Shangazi Mwanahawa 19:58
*Imesambazwa mara nyingi*
🕌Usiku wa kuamkia Ijumaa ni usiku wa kusameheana🕌 tuma kwa uwapendao

Rehema 19:59
Shangazi maandazi???