Mama akipanda ngazi taya lamuuma, yaweza kuwa ni moyo?

BintiKisauni
Salaam jamani, mamangu ana miaka 58, sukari anayo mwaka wa 9 sasa. Tangu mwezi uliopita akipanda ngazi za hapa nyumbani, na ni ghorofa ya pili tu, akifika juu hushika ukuta, jasho jembamba lamtoka na taya lamuuma, mwenyewe asema ni jino. Jana alikuwa akisukuma mahamri akaacha katikati, unga mkononi, akakaa chini na kichefuchefu. Kliniki tumeenda mara 2 wakatwambia ni asidi. Nilipotaja moyo ami yangu akasema huo ugonjwa wa wanaume, yeye ulipomshika ni kama alibanwa kifua na kamba, na mama hana hilo. Kweli wanawake hawapati??

Nesi_Pwani
Pole dadangu. Wanapata sana, moyo na mishipa huua wanawake wengi duniani kuliko saratani zote zikijumlishwa. Tofauti ni kwamba mwanamume humwanza mapema, mwanamke huchelewa kama miaka 7 hadi 10, kwa vile akiwa bado yuwaona siku zake ile homoni ya estrojeni humsaidia kulinda mishipa, zikikatika na kinga yapungua. Sasa sukari huifuta hiyo nafuu, tena humzidishia mwanamke hatari ya moyo kuliko inavyomzidishia mwanamume. Kifua kubana ndiyo dalili kubwa kwa wote wawili, ila wanawake zaidi huja na hivyo vya mama, pumzi, taya, mgongo, kichefuchefu, uchovu usioelezeka, ndo maana waambiwa asidi. Hebu niambie, akikaa yatulia? Na alipokuwa mjamzito alipata presha?

Mzaliwa wa Kuze
Mpe kitunguu saumu na tangawizi asubuhi, mishipa itafunguka.

Nesi_Pwani
Kakangu hapana, mshipa ulioziba haufunguliwi na tangawizi, tusimcheleweshe mama wa watu.

Umm_Salma
Mamangu mkubwa wa Majengo alifanyiwa picha ya mishipa ya moyo ikatoka safi akarudishwa nyumbani, na maumivu yakawa yaleyale. Daktari mwingine ndiye aliyegundua tatizo ni vile vijishipa vidogo ambavyo picha ile haivionyeshi, na wanawake ndio hupatwa nalo zaidi. Saa hii yuwatumia dawa na anatembea hadi sokoni. Ukiambiwa hana kitu na bado aumwa usikubali kunyamaza wallahi.

BintiKisauni
Nimemuuliza. Akikaa yatulia kama dakika 5. Na mimba yangu alipata presha kali nikazaliwa kabla ya wakati, hajawahi kuniambia hata siku moja 😢

Nesi_Pwani
Presha ya mimba nayo huongeza hatari ya moyo miaka mingi baadaye, mwambie daktari hilo mapema. Mpeleke leo hospitali kubwa, omba ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, na kipimo cha damu cha troponini, kinachoonyesha kama moyo umeumia. Na yakimjia amekaa tu au yasipotulia, ni kasholti, kule kwa wagonjwa wa dharura, moja kwa moja, asipande ngazi tena.

BintiKisauni
Tuko kwenye tuktuk, ami ndiye amemshika mkono.