Mimba wiki ya 34, nimeambiwa nina homa ya ini. Naruhusiwa kunyonyesha?

Mama Kijacho wa Ngamiani:
Habari za jioni ndugu zangu. Niko Tanga, mimba ya pili. Kliniki walinipima damu, nesi akasema nina homa ya ini B. Siumwi popote, macho meupe, chakula nakula. Swali langu ni moja tu: mtoto nimnyonyeshe au nimwanzishe maziwa ya kopo? Usiku silali.

Mzee wa Raskazone:
Pole binti yangu. Mdogo wangu aliondoka na ugonjwa huo, tumbo lilijaa maji kama ngoma. Naye alikuwa haumwi popote. Pimeni kabla ya kuoana, tunasema hamsikii.

Pwani Asilia:
Muheza kuna mzee ana mizizi ya ini. Nije faragha?

Nesi Mstaafu:
Mizizi acha kabisa, mingine inaliumiza ini lenyewe. Nyonyesha dada, maziwa hayana shida. Hatari kubwa ni siku ya kujifungua, mtoto anapokutana na damu yako. Watoto wanaoambukizwa hapo, karibu 9 kati ya 10 hubaki nao maisha. Watu wazima hawafiki 5 kwa 100. Ndiyo maana achanjwe ndani ya saa 24. Zile za wiki ya 6, 10 na 14 zinafuata, ila kwako kusubiri wiki ya 6 ni kuchelewa. Walikupa dawa? Unajifungulia wapi?

Mama Kijacho wa Ngamiani:
Niliandikiwa tenofovia wiki ya 29, sijaianza. Mume akiiona atasema ni ya ukimwi.

Nesi Mstaafu:
Hata homa ya ini inatibiwa kwayo. Hujajibu unajifungulia wapi.

Mama Kijacho wa Ngamiani:
Kwa mama, kijijini Pangani. Kuna bibi mkunga, ametuzalisha ukoo mzima. Beseni na kanga nimeshatanguliza. Mume hajui kitu, kadi naificha kwenye ndoo ya mchele. Msinihukumu, hata wa kwanza nilimzalia huko na ni mzima.

Kijana wa Sahare:
Hii chai jamani. Kuna uzi wa mjamzito wa Bagamoyo, naye kadi ilikuwa kwenye mchele. Mnapotezewa muda.

Shangazi Kanga Moja:
Sote tunaficha kwenye mchele, hata hela ya mchezo.

Nesi Mstaafu:
Iwe chai au siyo, yupo anayesoma kimya akiwa na kadi kama hiyo. Dada, huyo wa kwanza amepimwa?

Mama Kijacho wa Ngamiani:
Siyo chai. Ana miaka 4. Hajapimwa.

Nesi Mstaafu:
Mpeleke kesho. Baba naye apimwe. Akikutwa hana, achanjwe mara 3: siku hiyo, baada ya mwezi, na mwezi wa 6. Sahani na kukumbatiana havina neno, wembe na mswaki msichangie. Rudi kwa aliyekuandikia dawa kesho hiyohiyo, wiki zimekwenda. Na uulize chanjo ya siku ya kwanza utaipata wapi, usingoje uchungu uanze.

Mama Kijacho wa Ngamiani:
Nimemwambia kaka arudishe beseni. Mume anatoka baharini alfajiri. Nianze na neno gani?

Shangazi Kanga Moja:
Mwache ale kwanza, mwanangu. Halafu mpe kadi aisome mwenyewe, ukae hapohapo.